Mji wa kale hutunzwa na anayelala humo

Mwaka 2024 wageni walilala katika hoteli, nyumba za wageni na kambi za Ujerumani jumla ya usiku milioni 496.1, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Ni takwimu ya kutia moyo, lakini ina sharti dogo ambalo halipati nafasi kwenye vichwa vya habari: katika hesabu ya kila mwezi, ofisi ya taifa ya takwimu huingiza tu nyumba zenye vitanda 10 au zaidi. Mama mwenye vyumba vinne juu ya jiko lake katika mji wa kale, anayempokea mgeni mlangoni yeye mwenyewe na kumwandalia kifungua kinywa asubuhi, hayumo. Kwa hesabu ya serikali, wageni wake hawakulala popote. Nyumba kama ya mama huyu, ambazo Wajerumani huziita Pension au Gästehaus, huandikwa katika kurasa za safari kama kitu cha kupendeza tu: mito minene, maua dirishani, mwenyeji mkarimu. Sina ugomvi na mito. Dai langu ni zito zaidi kidogo. Familia inayopangisha vyumba katika nyumba inamolala yenyewe ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kuhifadhi mji wa kihistoria, na kodi, kanuni pamoja na mazoea yetu sisi wasafiri vinaibana familia hiyo badala ya kuipa nafasi ya kupumua.

Chukua Quedlinburg. Ni mji wa watu wasiofika 25,000 katika jimbo la Sachsen-Anhalt, upande wa kaskazini wa milima ya Harz. Umetajwa kwenye hati tangu mwaka 922. Mfalme Heinrich I alizikwa pale mwaka 936, na mwaka huohuo mwanawe, Otto I, akaanzisha juu ya kilima nyumba ya kidini ya wanawake wa koo za kikabaila, iliyodumu mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye mji ukatajirika kwa jambo lisilo la kifalme hata kidogo, yaani kilimo cha mbegu za maua na mboga. Kilichobaki kutokana na karne hizo zote ni nyumba zaidi ya 2,000 za fremu za mbao, zilizosongamana kwenye vichochoro vilivyotandikwa mawe, na UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Anayezitazama leo zilivyopakwa rangi na kunyooshwa anaweza kudhani zimekuwa hivyo miaka yote. Hasha. Katika miaka ya 1960 wapangaji mipango wa Ujerumani Mashariki walitaka kuubomoa mji wa kale na kujenga upya. Walikwama kwa kukosa fedha, wala mapenzi ya historia hayakuhusika. Katika miaka ya 1980 baadhi ya mitaa ilibomolewa kweli, majengo ya zege yakasimama mahali pake. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, nyumba nyingi zilikuwa tupu na paa zake zimeanza kubonyea. Zilizookolewa ziliokolewa kwa fedha nyingi za umma, kwa michango ya wakfu wa kuhifadhi majengo ya kale, na kwa watu waliokubali kuhamia ndani ya magofu na kuyatengeneza chumba baada ya chumba.

Kwa nini kuhamia ndani kuna uzito kiasi hicho? Msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa hili haraka kuliko mtalii aliyekulia kwenye ghorofa la zege, maana nyumba ya Quedlinburg ni binamu wa nyumba ya miti na fito iliyokandikwa udongo, ila boriti zake ni za mwaloni na inapanda juu orofa tatu au nne. Mbao zimeunganishwa kwa ndimi na matundu, zikakazwa kwa vigingi vya mbao. Katikati ya fremu kuna fito zilizosukwa, juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha chokaa. Nyumba ya namna hii hupitisha unyevu, ukaingia na kutoka, na adui yake mkubwa ni maji yanayoingia yakakosa njia ya kutokea. Boriti ya chini kabisa, ile inayolala juu ya msingi wa mawe na kubeba nyumba nzima, ndiyo huoza mapema, na huoza upesi zaidi pale fundi wa karne ya 20 alipoifunika kwa lipu ya saruji au rangi isiyopitisha hewa akidhani anaiimarisha. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaujua ugonjwa huu: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa saruji hunasa unyevu, na paa likivuja, ncha za boriti za mikoko huoza ndani ya ukuta pasipo mtu kuona. Ukarabati mkubwa wa mara moja kila baada ya miaka thelathini hautibu maradhi ya aina hii. Dawa yake ni mtu anayelala orofa ya juu, akasikia kigae kinasogea usiku wa dhoruba, na asubuhi yake akapanda ngazi. Anayeliona doa la unyevu kwenye dari siku ya kwanza hutumia fedha kidogo. Mwenye nyumba anayeishi München, akipigiwa simu na jirani baada ya baridi kali kwisha, hulipia boriti nzima. Nyumba isiyokaliwa hupasuka mabomba wakati wa barafu. Yenye wageni hupashwa moto, hufunguliwa madirisha, na kila kona yake hukaguliwa kila siku na mtu mwenye ufagio, ambaye kwa maoni yangu ni mkaguzi bora kuliko yeyote anayetumwa na wizara.

Shida ni kwamba nyumba hizi ni kubwa mno kwa familia moja ya leo. Zilijengwa kwa ajili ya mfanyabiashara au fundi aliyeishi na wanagenzi, watumishi na shehena yake chini ya paa moja. Baada ya mwaka 1990 vijana wengi wa upande wa mashariki walikwenda magharibi kutafuta kazi, na katika mji uliopungukiwa na watu kodi za pango hazitoshi kumlipa seremala anayejua mbao za kale. Hapo ndipo mgeni anapoingia. Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba ina vyumba vinane, kila kimoja kinauzwa euro 100 kwa usiku, na kwa wastani wa mwaka nusu ya vyumba vina watu. Mauzo ya mwaka ni usiku 1,460. Katika kila euro 100, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 7 iliyomo ndani ya bei ni kama euro 6.50. Mgeni akija kupitia jukwaa la mtandaoni linalotoza kamisheni ya asilimia 15, zinakatwa euro 15 nyingine. Zinabaki kama euro 78.50 kabla ya gesi, umeme, mkate, dobi, bima na mkopo wa benki. Wageni wote wangeandika au kupiga simu moja kwa moja, familia ingebaki na euro 21,900 zaidi kwa mwaka, fedha za kumweka seremala kazini kwa wiki kadhaa kila mwaka. Kwa hiyo mgeni anayedhani amelipia kitanda amechangia, akijua asijue, boriti iliyo chini ya kitanda hicho, na njia aliyotumia kuweka nafasi ndiyo huamua mchango wake unafika au unaishia njiani.

Dalali wa mtandaoni si mwizi. Humletea mama wa Quedlinburg mgeni kutoka Osaka au Mombasa ambaye vinginevyo asingejua kwamba mji huo upo, na hiyo ni kazi yenye thamani. Lakini kwa miaka mingi alikuwa na sharti lililowafunga wenye nyumba mikono: chumba kisiuzwe kwenye tovuti ya nyumba kwa bei ya chini kuliko ile iliyo jukwaani. Mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ililipiga marufuku sharti la Booking.com mwezi Desemba 2015. Kesi ikazunguka mahakamani, na Mei 2021 mahakama ya juu ya shirikisho ikaiunga mkono mamlaka. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikasema kwamba kwa kanuni masharti ya aina hiyo hayawezi kuhesabiwa kuwa kitu cha lazima kwa jukwaa kufanya biashara yake. Mwaka huohuo Tume ya Ulaya iliiweka kampuni hiyo katika orodha ya walinzi wa lango la soko la kidijitali, wanaowekewa masharti makali zaidi. Kisheria, basi, mlango uko wazi. Mwenye nyumba anaweza kumwambia mgeni aje kwake moja kwa moja ampunguzie. Wageni wengi hawaulizi, kwa sababu kubonyeza kitufe ni rahisi kuliko kuandika mistari mitatu.

Serikali nayo imesaidia kwa namna isiyotofautisha mwenye haja na asiye nayo. Tarehe 1 Januari 2010 kodi ya ongezeko la thamani kwa malazi ilishushwa kutoka asilimia 19 hadi 7. Wapinzani waliibandika jina la kodi ya Mövenpick, kwa kuwa chama cha FDP, kilichoipigania, kilikuwa kimepokea mchango wa zaidi ya euro milioni moja kutoka kampuni ya mwenye hisa katika kundi hilo la hoteli. Kashfa hiyo waachie Wajerumani. Kosa la sera ninaloliona mimi ni jingine: punguzo lilikuwa lilelile kwa hoteli ya mamia ya vyumba kando ya uwanja wa ndege na kwa nyumba ya vyumba vinne yenye umri wa miaka mia nne. Lilitazama kitanda, halikutazama jengo. Sheria ya kodi ya mapato ina akili zaidi, maana inalitazama jengo: anayekarabati nyumba iliyoorodheshwa kuwa ya urithi na kuipangisha anaruhusiwa kukata gharama hizo kwenye mapato yake, asilimia 9 kwa mwaka kwa miaka minane, kisha asilimia 7 kwa miaka minne, mpaka ziishe zote. Ni nafuu kubwa, lakini ni nafuu kwa mwenye kodi kubwa ya kukatiwa. Daktari wa meno wa Stuttgart anayetozwa asilimia 42 kwenye sehemu ya juu ya mapato yake hurudishiwa karibu nusu ya gharama. Familia ya vyumba vinane, inayobakiwa na kidogo mwisho wa mwaka, hurudishiwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Sheria inasema iokoeni nyumba, kisha inanong'ona kwamba ingekuwa vyema mwenyewe awe tajiri na akae mbali. Laiti sehemu ya nafuu hiyo ingegeuzwa ruzuku ya moja kwa moja kwa mwenye nyumba anayethibitisha kwamba analala humo, fedha zilezile zingefanya kazi zaidi.

Kanuni za ujenzi zina mtego wake. Mwongozo ambao majimbo huutumia kutunga sheria zao unaihesabu nyumba ya wageni yenye vitanda zaidi ya 12 kuwa jengo maalumu, na kutoka hapo masharti ya moto na njia za kukimbilia yanaweza kupanda sana. Siwezi kupinga hadhari ya moto katika nyumba ya mbao. Ninachosema ni kwamba mwenye nyumba mwenye akili hubaki chini ya mstari huo, akaacha vyumba vingine vimefungwa, wakati gharama za kudumu, paa moja na boila moja, hazipungui hata senti.

Rothenburg ob der Tauber, kule Bayern, inatuonyesha upande mwingine wa hoja. Mabomu ya tarehe 31 Machi 1945 yaliharibu kama asilimia 40 ya mji wa kale, na ukuta wake ulijengwa upya kwa michango ya watu wa nchi nyingi, ambao majina yao yamechongwa kwenye mawe. Mji wenyewe una wakazi kama 11,000. Mchana hufurika mabasi. Mgeni wa basi hupiga picha pale Plönlein njia inapogawanyika, hununua Schneeball, lile donge la maandazi yaliyokaangwa na kunyunyiziwa sukari (husifiwa kuliko linavyostahili), hutafuta choo, na jioni haijaingia ameshaondoka. Anayelala ni mtu tofauti kabisa kwa uchumi wa mji. Hula chakula cha usiku, hutembea na kiongozi aliyevaa joho la mlinzi wa usiku wa zamani, na asubuhi hula mkate uliookwa mtaani. Huo mkate ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mwokaji anayeuza mikate midogo kwa nyumba za wageni kila alfajiri ndiye anayewauzia bibi na wajukuu wa jirani, na bila oda hizo duka lake halina mahesabu. Nyumba za wageni zikifungwa, mwokaji huhama, duka likawa la vinyago, na bibi akalazimika kwenda kwa basi kwenye supamaketi nje ya ukuta. Mji hapo umebaki na sura yake yote, ila wenyeji wake wanaishi kwingine.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya haya niliyoyasema linatoka jikoni. Nyumba ya wageni ya familia ni nafuu kwa nani? Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kuna mtu ameshashuka ngazi zinazolia. Anafuata mikate midogo yenye gamba gumu kwa mwokaji, anawasha kahawa, anachemsha mayai na kuliweka kila moja kwenye kikombe chake kidogo chenye kikofia cha kitambaa ili lisipoe, anapanga vipande vya jibini na soseji baridi, anajaza vibakuli vya jamu. Wageni wakishakula, kuna mashuka, ngazi za kusugua, barua pepe za kujibu, na usiku kuna aliyepoteza ufunguo. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke, na mara nyingi hana mshahara. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026, lakini kinamlinda aliyeajiriwa, hakimgusi mwenye nyumba anayejitumikisha mwenyewe. Saa zote za kazi hiyo zikilipwa kwa kiwango hicho, nyingi ya nyumba hizi zingeonyesha hasara. Watoto waliokua wakiyaona haya wamesoma, wamekwenda Leipzig au Berlin, na hawataki kurithi kengele ya mlangoni. Anayesema kwamba ninausifu unyonyaji wa kifamilia ana haki ya kusema hivyo, na dai langu lazima lipunguzwe ukubwa: ni njia nafuu kwa umma, na unafuu huo unabebwa na mgongo wa mtu. Lakini tuangalie pingamizi hilo linatupeleka wapi. Kwa kazi iliyofanywa bila kulipwa, dawa ni kuilipa, na hapo ndipo kamisheni ya asilimia 15, nafuu ya kodi inayomruka anayekaa ndani, na mgeni anayebembeleza apunguziwe euro tano vinapogeuka kuwa jambo lilelile. Na nyumba ikifunga siku moja kwa wiki, au ikikataa kupokea mgeni baada ya saa mbili usiku, hiyo si huduma mbovu. Ni mtu analala.

Wapo watakaouliza: kama haja ni fedha za boriti, kwa nini nyumba zote zisigeuzwe fleti za likizo zenye kisanduku cha ufunguo mlangoni? Fleti hulipa vizuri, haihitaji mtu wa kuchemsha mayai, na mwenye nyumba hapotezi usingizi. Ni kweli, na katika mji wenye nyumba tupu ni afadhali fleti ya likizo kuliko paa lililoanguka. Hofu iliyoifanya Berlin iwe na sheria dhidi ya matumizi hayo tangu 2014, yaani wapangaji kukosa pa kukaa, haina nguvu ileile katika mji mdogo wa mashariki. Lakini kisanduku cha ufunguo hakisikii kigae kikisogea. Msafishaji huja mgeni anapoondoka. Kati ya Novemba na Machi, ukiacha wiki za soko la Krismasi, mtaa mzima unaweza kukaa giza. Mtaa wa namna hiyo una uchumi wa msimu na hauna mtu wa kwenda kwenye mkutano wa baraza la mji kulalamikia mtaro ulioziba. Nitaikubali fleti kama chumba cha ziada cha familia inayoishi orofa ya chini. Kama biashara ya kampuni yenye nyumba ishirini mtaa mmoja, siioni ikihifadhi chochote zaidi ya sura ya mbele.

Kuhusu anayetumia kiti cha magurudumu sina jibu la kuridhisha. Ngazi ni nyembamba na za mwinuko mkali, na idara ya urithi mara nyingi haitaruhusu lifti ipasue dari ya karne ya 17. Mji unaojiheshimu lazima uwe pia na hoteli ya kisasa yenye milango mipana, na nyumba ndogo zisijifanye zinamfaa kila mtu.

Pingamizi la mwisho ni la kwetu zaidi. Mtu mweusi anaposafiri Ujerumani, hoteli kubwa ina faida ya kutokujali: mapokezi huona kadi ya benki, uso hawana habari nao. Kwenye nyumba ya familia unagonga mlango wa mtu. Wasiwasi huo una msingi. Septemba 1992, Quedlinburg hiyohiyo, makazi ya waomba hifadhi yalishambuliwa usiku baada ya usiku, huku kikundi cha wakazi kikisimama mbele yake kuyalinda. Katika uchaguzi wa bunge la shirikisho wa Februari 2025, chama cha AfD, kinachopinga uhamiaji, ndicho kilichoongoza kwa kura Sachsen-Anhalt. Tangu 2006 kuna sheria inayokataza ubaguzi wa rangi katika huduma, malazi yakiwemo, lakini sheria haimlazimishi mtu atabasamu. Hata hivyo nadhani hoja hii ina upande wa pili. Mwenye nyumba anayeishi kwa wageni ana sababu ya kila siku, iliyo mfukoni mwake, ya kuutaka mji wake uwe mahali pa kufikika kwa kila mtu, na sauti yake kwenye mkutano wa mji ina uzito kuliko ya meneja aliyehamishiwa hapo kwa miaka miwili. Isitoshe, kwenye nyumba ndogo anayekukosea ana jina na uso, na maoni utakayoandika yatamfikia yeye, hayatapotelea kwenye idara ya malalamiko. Mwenye hofu asome kwanza maoni ya wageni waliotangulia, na akiona dalili mbaya aende kwingine. Hakuna anayedaiwa ujasiri kwenye likizo yake.

Kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anayepanga kumtembelea mwanawe chuoni Göttingen au Halle na kuongeza siku mbili za kutembea, kikwazo cha kweli ni viza. Ombi la viza ya Schengen hudai uthibitisho wa malazi, na tangu 11 Juni 2024 ada yake ni euro 90 ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Ndiyo maana wengi hukimbilia jukwaani, wakachukua hoteli kubwa inayoruhusu kufuta bure. Ni busara, lakini si njia pekee. Nyumba nyingi ndogo zina tovuti yao na anwani ya barua pepe. Andika kwa Kiingereza chepesi: taja tarehe, majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na uliza mapema masharti ya kufuta endapo viza itakataliwa. Omba barua ya uthibitisho yenye anwani kamili ya nyumba na sahihi. Uliza kama bei ina kifungua kinywa na kama mji unatoza kodi ya vitanda, maana miji mingi hutoza na mahakama ya katiba iliihalalisha mwaka 2022. Sema saa utakayofika, na treni ikichelewa piga simu. Ukishafika utapewa fomu ya kujiandikisha uitie sahihi, ilhali Mjerumani aliyeingia nyuma yako atapewa ufunguo tu. Usimlaumu mwenye nyumba kwa hilo: tangu 1 Januari 2025 raia wa Ujerumani wameondolewa sharti hilo, wageni wa nchi nyingine bado wanalo.